Septrini kwenye maji taka: mwanga unaweza kuivunja, ila si popote unapotaka

Watu wengi wakisikia maji taka yamesafishwa wanajua basi, kila kitu kimetoka. Hapana jamani. Mitambo mingi ilijengwa kutoa tope, vitu vinavyooza na vijidudu vya kuharisha, habari za mabaki ya dawa hakuna aliyeziwaza wakati ule. Na kwa huku kwetu mfano mzuri ni Septrini, maana kwa miaka mingi watu wanaoishi na VVU walipewa waimeze kila siku kuzuia magonjwa nyemelezi, kwa hiyo watafiti walipopima mito ya Nairobi wakaikuta sulfamethoksazoli, moja ya dawa mbili zilizomo ndani ya Septrini, kwa viwango vinavyozidi sana vile vya mito ya Ulaya.

Dawa hii ina ujanja wake. Ukiimeza, kiasi fulani kinatoka kwenye mkojo kama kilivyo, na kiasi kikubwa zaidi ini linakibandika kipande cha kemikali kinachoizima nguvu. Sasa ikifika kwenye maji taka bakteria wanakibandua kile kipande, dawa inarudi kuwa dawa, ndo maana kuna wakati unapima maji yanayotoka mtamboni unakuta dawa imezidi ile iliyoingia na kipimo chako hakina shida yoyote. Amoksilini inayomezwa na kila mtu wala haisumbui hivyo, ikikaa majini inavunjika mapema.

Shida ya viwango vidogo vidogo ni kwamba haviui bakteria, vinawapa tu nafasi wale sugu wazidi kuzaana. Mwaka 2019 usugu wa dawa ulikadiriwa kuua watu milioni 1.27 duniani moja kwa moja, si mchezo.

Haya, mwanga unaingiaje? Chukua titani dioksaidi, hii unga mweupe unaowekwa kwenye rangi za ukuta. Ukipigwa na miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, elektroni zinaruka ndani yake, na pale juu ya chembe maji yanageuka kuwa radikali za haidroksili, vitu vikali mno vinavyoishi chini ya sekunde moja lakini vikigusa dawa vinaichanachana. Wajapani Fujishima na Honda walifungua njia hii mwaka 1972, japo wao walikuwa wanatafuta kupasua maji wapate haidrojeni. Tatizo, urujuanimno ni kama asilimia 5 tu ya mwanga wa jua, kwa hiyo jua lote lile la Dodoma au Turkana titani hii inalitumia kidogo sana.

Njia ya pili ni chuma na haidrojeni peroksaidi, vikikutana vinatoa radikali zilezile, mkemia Fenton aliiandika tangu 1894, ukiongeza mwanga inaenda kasi zaidi kwa sababu chuma kinarudishwa kazini badala ya kuisha. Mimi nikiulizwa nachagua hii. Watafiti wa Almería kule Hispania wameifanyia kazi miaka mingi kwa jua tupu, mwanzo kwa mabomba ya kioo yenye vioo vya kukusanya mwanga, baadaye kwa mabwawa ya kina kifupi ambayo ni rahisi zaidi kujenga. Kero yake inataka maji yawe na asidi, pH karibu 3, halafu uyarudishe kabla ya kuyamwaga, hiyo ni hela, ingawa kuna viambata vya kukishika chuma kisizame hata pH ikiwa ya kawaida.

Sasa usije ukaletewa mashine ukaambiwa imetoa dawa asilimia 99. Uliza kwanza, kwenye maji gani? Kwenye maji ya maabara yaliyochujwa kila kitu kinafanya kazi. Maji taka halisi yana tope linaloziba mwanga, yana baikaboneti (aina ya chumvi iliyoyeyuka majini) na mabaki ya viumbe, na vyote hivyo vinazimaliza radikali zako kabla hazijaifikia dawa. Swali la pili, wamepima kaboni yote iliyobaki majini, yaani pamoja na ya vipande vya dawa, au wametafuta dawa yenyewe tu? Maana dawa inaweza kupotea kwenye kipimo huku vipande vyake vipo majini, na vingine ni sumu kuliko mama yao.

Kwa hiyo kuipeleka njia hii ya mwanga kwenye mabwawa makubwa kama ya Ruai, yanayopokea maji taka mengi ya Nairobi, naona ni kupoteza hela, pale maji ni ya kijani kwa mwani na urujuanimno unaishia juu juu. Ingekaa vizuri hospitalini au kiwandani kwenye chanzo, maji machache yenye dawa nyingi, yakishachujwa vizuri, kabla hayajachanganyika na ya mji mzima. Uswisi wamechukua njia nyingine, tangu 2016 sheria inabana mitambo iliyochaguliwa iondoe asilimia 80 ya mabaki haya, wanatumia ozoni na mkaa maalumu, na mitambo inatozwa hadi faranga 9 kwa mwaka kwa kila mkazi inayemhudumia. Umoja wa Ulaya nao kwa sheria ya 2024 umesema watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama ya kuyaondoa mabaki haya, na kampuni za dawa zimeshakimbilia mahakamani kuipinga.