Eti mpaka ujijue kwanza ndo uanze kuposti?

Wiki hii tu nimeambiwa mara tatu, "kaka nataka kuanza kontenti ila bado sijajua mimi ni nani haswa, nikishajijua ntaanza." Logo ipo, taa ya duara ipo, jina la akaunti kashabadilisha mara tano, video hata moja hamna. Nafundisha vijana kurekodi na kuposti hapa Dar na hili ndo linaniuma kuliko yote, maana mtu ana kipaji kabisa afu anakaa mwaka mzima anajitafuta kichwani, jamani kichwani humo hutajiona, utajiona kwenye video ulizopiga.

Mcheki Khaby Lame, yule jamaa wa TikTok anayezikejeli video za watu bila kusema neno. Machi 2020 kapoteza kazi kiwandani huko Italia, akaanza kuposti TikTok, na za mwanzo alikuwa anacheza dansi na kuangalia magemu, yani wala sio huyu tunayemjua. Ile ya kukaa kimya afu anafungua viganja imekuja yuko njiani tayari, na Juni 2022 akawa anaongoza TikTok nzima kwa wafuasi.

Kuna dada alinijia na akaunti ya kuhamasisha watu, maneno kayakariri, kamera ikiwaka anakauka kabisa. Tukapumzika, nikamuuliza tu kuhusu kanga aliyojitanda, weee, akaikunjua pale pale akaanza kunionyesha pindo limechapwa likapishana, mji, yani ile sehemu ya katikati, umekaa upande, doti ikikatwa vibaya pindo linaliwa, dakika kumi hajameza mate. Simu ilikuwa bado inarekodi. Nikamwambia dada angu tupa yale mengine yote, wewe ni huyu hapa.

Kwahiyo ushauri wangu kila siku ni huu, piga video 30 kwa simu yako hiyo hiyo, afu angalia mambo mawili: ipi uliipiga bila kujilazimisha, na kwenye ile grafu ya watazamaji unayoonyeshwa na app, watu wameondoka sekunde ya ngapi. Likes ziache kwanza.

Lingine, eti ukiiga we sio mbunifu. Kili Paul, Mmasai wetu, alijulikana kwa kufuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo, nyimbo za watu kabisa, ila yuko na shuka lake, yuko kwao, na dada yake Neema pembeni. Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Modi, akawataja redioni. Iga, ila uonekane wewe.

Na kamera ya bei, hapana. Nunua maiki ndogo, picha mbaya watu wanavumilia, sauti mbaya wanapita.

Afu hii ya "haijapata watazamaji, basi sina kipaji". Mara nyingi tatizo ni mwanzo, unasalimia, unajitambulisha, unaomba wakufollow, jambo lenyewe linakuja sekunde ya ishirini nani bado yupo? Yule dada wa kanga salamu nilimkatia yote, video inaanza kidole kiko juu ya pindo.