Mausi imegoma kwenye Linux? Uliza kwanza kama kernel inaiona

Kitengo cha TEHAMA tunapigiwa sana simu za aina hii: fundi, mausi imekufa, nimezima nimewasha bado. Ukifika unakuta mtu keshaingia kwenye settings kabadilisha spidi ya kishale, mwingine ndo yuko mbioni kupiga Ubuntu upya kabisa, na hakuna aliyeangalia kama kompyuta yenyewe, yaani kernel (kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa), inaiona hiyo mausi au haiioni. Jibu la hilo unalipata kwa keibodi tu.

Bonyeza Ctrl+Alt+T ifunguke terminali. Isipofunguka bonyeza Ctrl+Alt+F3, itakuja skrini nyeusi ya maandishi, ingia kwa jina na paswedi yako ya kila siku, hujaharibu kitu. Chomoa mausi, andika `sudo dmesg -w` (inaonyesha ujumbe wa kernel papo hapo), piga Enta, halafu chomeka mausi huku unaangalia skrini. Mausi nzima ya waya inatoa mistari kama minne mitano hapo hapo: mmoja una maneno "new low-speed USB device" (baadhi ya mausi huandika "full-speed"), mwingine unataja jina la bidhaa, na chini yake unakuta mstari unaoanza na "input:". Ukiuona huo wa "input:" basi waya ni mzima, poti ni nzima, kernel imeipokea, tatizo liko juu zaidi.

Ukichomeka na kukawa kimya kabisa, hakuna hata mstari mmoja, hiyo ni waya, poti au mausi yenyewe, hamia poti nyingine, na kwenye kompyuta ya mezani tumia zile za nyuma maana zimeshikana na motherboard moja kwa moja, za mbele zinapitia kikebo cha ndani ambacho mara nyingi kimelegea au hakikuchomekwa kabisa. Zikija "error -71" au "error -110" maana yake mazungumzo yameanza yakakatika, hapo mshukiwa ni waya uliokatika kwa ndani pale unapoingilia kwenye mausi, au hub (kigawanyio cha poti za USB) ya bei chee yenye vitu vingi isiyo na umeme wake. Hakuna draiva ya kutibu waya uliokatika jamani.

Za wayalesi zina ujanja wao. Ukiandika `lsusb`, inayoorodhesha vifaa vya USB, unaona jina, unafurahi, kumbe linaloonekana ni kile kidude cha kuchomeka tu, mausi yenyewe inaweza kuwa haina betri au swichi ya chini iko ofu na lsusb isikwambie lolote. Halafu vidude hivi vingi vinatumia 2.4 GHz, na poti za USB 3 hasa zikiwa na hadidiski inayofanya kazi zinatoa kelele kwenye masafa hayo hayo, kwa hiyo kisogeze mbali kwa kikebo cha kuunganishia utashangaa.

Kuna hii ya watu wa Arch, aina mojawapo ya Linux: umeapdeti, haujariboot, unachomeka mausi haisomi. Kernel mpya imeshaingia na mafaili ya moduli (vipande vya kernel, zikiwemo draiva) za ile ya zamani yamefutwa, sasa kernel inayotembea ikitafuta `usbhid`, draiva ya mausi na keibodi za USB, haipati. Linganisha `uname -r` na `ls /lib/modules`, kama haviendani riboti, basi.

Mashine za zamani zenye tundu la duara la kijani, yaani PS/2, usichomoe chomoe ikiwa imewaka, hazikutengenezwa kwa hilo. Zima, chomeka, washa. Ikiganda katikati ya kazi jaribu `sudo modprobe -r psmouse` kisha `sudo modprobe psmouse`, yaani unaitoa draiva ya mausi hiyo na kuirudisha.

Kernel ikiiona ila kishale hakisogei, andika `sudo libinput list-devices`, inayoorodhesha mausi na keibodi zinazoonekana (kwenye Debian na Ubuntu inakuja na pakeji ya libinput-tools). Ikiwepo hapo na bado desktopu haiitikii, na unatumia Xorg (mfumo wa zamani wa kuonyesha desktopu), angalia kama pakeji ya `xserver-xorg-input-libinput` ipo, kuna watu wanafanya usafi wa pakeji wanaiondoa bila kujua, na keibodi nayo inakufa humo humo kwenye desktopu ndo maana nimesema Ctrl+Alt+F3 uijue.

Na kama mausi inasinzia kila ukiiacha kidogo mpaka uibonyeze ndo iamke, jiulize kama uliwahi kurun `powertop --auto-tune`, programu ya kupunguza matumizi ya umeme. Hiyo inaweka mausi za USB kwenye kubana umeme; ukiriboti inarudi kawaida, labda kama umeiweka ijirun kila ukiwasha.

Wenzetu wa FreeBSD, mfumo mwingine ambao si Linux, hawana dmesg ya `-w`, wao watumie `usbconfig` kama root (msimamizi mkuu), mausi ikipokelewa na draiva ya `ums` inatokea kama `/dev/ums0`.

Ukikwama njoo au piga simu, ila kabla ya hapo tutumie hiyo mistari ya dmesg yote, hata kwa kuipiga picha na simu, na utuambie poti uliyochomeka ni ya mbele, ya nyuma au ya hub.