Kupima mtiririko wa damu kwenye ubongo bila sindano: dhana potofu na ukweli

Wengi huamini kwamba mtiririko wa damu kwenye ubongo hauwezi kupimwa bila kumchoma mtu sindano ya dawa. Ukweli ni kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ipo aina ya MRI (upigaji picha za mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio) inayoitumia damu ya mtu mwenyewe kama alama. Mashine hugeuza usumaku wa maji yaliyomo katika damu inapopita shingoni, husubiri takriban sekunde mbili damu hiyo ifike kwenye tishu za ubongo, kisha hupiga picha. Hupiga nyingine bila alama, na tofauti ya picha hizo mbili ndiyo kipimo. Kwa kuwa tofauti hiyo ni kama asilimia 1 tu, picha hurudiwa kwa dakika kadhaa na mtu huombwa asitikise kichwa. Kwa mtu mzima mwenye afya wastani wa mtiririko huo hukaribia mililita 50 kwa kila gramu 100 za ubongo kwa dakika. Hata hivyo, damu inapochelewa njiani, kwa mfano kwa mzee mwenye mishipa iliyoziba kiasi, sehemu yenye damu ya kutosha inaweza kuonekana kana kwamba imepungukiwa, na hapo ndipo hukumu ya mtaalamu inapohitajika zaidi.

Dhana nyingine, ambayo naiona kuwa ya kupotosha zaidi, ni kwamba rangi zinazong'aa katika picha za MRI ya utendaji wa ubongo ni damu yenyewe. Njia hiyo, iliyoelezwa na Seiji Ogawa na wenzake mwaka 1990, hufuata mabadiliko ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) iliyopoteza oksijeni, na rangi huwekwa na kompyuta baada ya hesabu za takwimu. Kwa kawaida haitoi mililita zozote.

Doppler ya fuvuni, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti yanayopitishwa kwenye fuvu, nayo hudhaniwa kupima kiasi cha damu, ilhali hupima kasi katika mishipa mikubwa, na kasi huweza kupanda kwa sababu tu mshipa umekuwa mwembamba. Kwa watoto wenye selimundu jambo hilo lina faida kubwa: kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi huashiria hatari kubwa ya kiharusi, na matibabu ya kukinga yanaweza kuanzishwa mapema.

Kuhusu mionzi ya eksirei, MRI na Doppler hazina, CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) inayo.

Wala kipimo kimoja si cha kudumu. Kafeini hupunguza mtiririko wa damu kwenye ubongo na hewa ya kaboni dioksidi ikizidi mwilini huuongeza, kwa hiyo anayelinganisha vipimo vya siku mbili aulize kwanza kama mtu huyo alikunywa kahawa kabla ya kimojawapo.