Kitenzi-jina chenye nafsi katika lahaja ya Sylhet

Katika Kibengali sanifu, mtu husema ami jete chai, yaani “nataka kwenda”, na akimzungumzia mwenzake husema she jete chay, “anataka kwenda”. Umbo jete, ambalo ni kitenzi-jina, yaani umbo la “kwenda”, halibadiliki, na ndiyo maana sarufi za shuleni hulihesabu miongoni mwa maumbo ya kitenzi yasiyobeba njeo wala nafsi. Huko Sylhet, kaskazini-mashariki mwa Bangladesh, kanuni hiyo haishiki, kwa kuwa msemaji husema ami zaitam sai kwa “nataka kwenda”, tumi zaitay sao kwa “unataka kwenda”, na he zaito say kwa “anataka kwenda”. Kitenzi-jina chenyewe kinamfuata mtendaji.

Jambo linalowatatiza wengi ni kwamba zaitam hiyohiyo, ikisimama peke yake, humaanisha “nilikuwa nikienda”, yaani mazoea ya zamani. Je, bado tuiite kitenzi-jina? Kwa maoni yangu ndiyo, kwa sababu inapotangulia kitenzi cha kutaka au kuweza haielezi tena wakati wowote uliopita; wakati wa sentensi nzima huamuliwa na kitenzi kinachoifuata. Kiswahili nacho hutia nafsi katika “anataka niende”, lakini hapo watendaji ni wawili, ilhali msemaji wa Sylhet hutia nafsi hata pale anayetaka na anayekwenda ni mtu mmoja.

Umbo la pili katika kundi hilo la sarufi za shuleni ni lile la kuunganisha matendo yanayofuatana. Khaia aisi ni “nimekula ndipo nikaja”: khaia haina nafsi, na aisi ya mwisho ndiyo inayoonyesha kwamba mtendaji ni mimi. Kibengali sanifu cha leo husema kheye, umbo lililofupishwa kutokana na khaiya la nathari rasmi ya karne ya 19. Kwa hiyo wanaoicheka khaia kuwa ni usemi wa kishamba wanalicheka umbo lililo karibu zaidi na maandishi ya wasomi wa zamani kuliko lile wanalotumia wenyewe.

Khaile, umbo la masharti, halina mengi: ni “nikila”, “ukila” au “akila”, bila kubadilika.

Mwalimu wa Kibengali sanifu anayemsikia mwanafunzi wa asili ya Sylhet akisema zaitam sai asiharakishe kumwambia amekosea njeo. Amfundishe jete kama umbo la lahaja nyingine.