Je, wajua kwa nini unahesabu kalori na mizani bado imegoma?

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo ukipunguza kalori 500 kwa siku, kilo moja inapaswa kuondoka ndani ya siku 15 au 16. Watu huandika kila tonge na kuvumilia njaa, halafu wiki ya tatu mizani inasoma vilevile. Kanuni haina tatizo. Tatizo ni vipimo tunavyoiingizia, ambavyo mara nyingi hukosea kwa zaidi ya hizo 500 tunazozitafuta.

Namba ya kwenye pakiti hutokana na kazi ya mkemia Mmarekani Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19: gramu moja ya wanga au protini kalori 4, ya mafuta kalori 9. Huo ni wastani tu. Chukua lozi. Sehemu ya mafuta yake hubaki imefungiwa ndani ya seli ambazo meno hayakuzisaga, ikatoka na choo. Watafiti wa Marekani walipopima, katika matokeo ya mwaka 2012, walikuta gramu 28 zinampa mlaji kalori 129 hivi, si zile 170 za kwenye lebo. Upande wa pili, sheria za Marekani huvumilia chakula kuizidi lebo yake kwa hadi asilimia 20.

Hata hivyo, lebo ni mshitakiwa mdogo. Kesi kubwa iko jikoni. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia, mililita 15, ni kalori 120. Anayemimina kutoka kwenye chupa humwaga viwili au vitatu, akaandika kimoja. Wengine hawaandiki kabisa, maana chakula kikishaiva mafuta hayaonekani. Kisha kuna mbichi na kilichoiva: gramu 100 za mchele ni kalori 360 hivi, lakini gramu 100 za wali ni 130 tu, kwa kuwa wali umejaa maji. Ukipima mchele, kisha ukachagua “wali” kwenye programu ya simu, kalori 230 zimepotea kwenye daftari, si tumboni.

Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa watu waliosema hawapungui ingawa wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku. Walipopimwa, umetaboli wao, yaani kasi ya mwili kutumia nishati, ulikuwa wa kawaida. Walikuwa wameripoti chakula pungufu kwa wastani wa asilimia 47, na mazoezi wameyaongeza kwa asilimia 51. Si lazima mtu awe mwongo ili afike huko. Kuonja mchuzi na kumalizia sahani ya mtoto vinatosha kuanzia.

Dawa ya jikoni ni mizani ya gramu. Pima chupa ya mafuta kabla ya kupika na baada ya kupika, kisha zidisha tofauti kwa 9. Chakula cha sufuria moja, jumlisha kalori za viungo vyote, kisha uzigawe kwa uzito wa chakula kilichoiva (ukiondoa uzito wa sufuria). Viungo vikiwa na kalori 2,400 na chakula gramu 1,600, kila gramu ni kalori 1.5, ukipakua gramu 300 umekula 450. Kalori ambazo saa ya mkononi inadai umeunguza mazoezini, usizile. Ni makadirio, na ndani yake mara nyingi zimo zile ambazo ungezitumia hata ukiwa umekaa.

Inabaki mizani ya kupimia mwili, ambayo nayo hupotosha. Akiba ya wanga mwilini, glaikojeni, hushika maji gramu 3 hivi kwa kila gramu yake. Ukianza kula kidogo, akiba hiyo hupungua, maji yake yanatoka, na kilo 2 za wiki ya kwanza huwa ni maji zaidi kuliko mafuta. Chumvi nyingi, mazoezi mapya au siku za kukaribia hedhi huyarudisha, na nusu kilo ya mafuta iliyoondoka kweli haionekani. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, bila sababu.

Jipime kila asubuhi baada ya kwenda msalani, kabla ya kula, kisha tafuta wastani wa siku 7. Linganisha wastani na wastani, kwa wiki nne. Mwenye hedhi alinganishe wiki ileile ya mzunguko. Wastani usiposhuka, punguza kalori 100 hadi 200 kutoka kwenye kile unachokiandika, hata kama daftari linasema tayari unakula kidogo. Tegemea kufanya hivyo tena baadaye: mwili uliopungua huhitaji nishati kidogo, na mtu mwenye njaa hupunguza kutembeatembea bila kujijua. Mjamzito, anayetumia insulini, au aliyewahi kuugua matatizo ya ulaji asianze haya bila daktari.