Desibeli 120 hazizuii jua

Wiki hii nimeulizwa tena swali lile lile, jinsi ya kuondoa mng'ao wa jua kwenye picha za kamera za ndege, na safari hii lilikuja na jibu lake mkononi: kihisi kipya, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kinabeba tofauti ya mwanga, kutoka hafifu hadi mkali, ya desibeli 120, kwa hiyo mng'ao wa jua kwenye kamera za ndege umekwisha, na kama utabaki kidogo programu itausafisha. Nimeyasikia haya kwa wauzaji wa kamera, kwa wahandisi wa mifumo, hata kwa marubani. Si kweli. Na kwa kamera ambayo mtu anaitegemea kuona anakokwenda, imani hii ni ya hatari.

Kuna matatizo mawili hapa na watu huyafanya moja. La kwanza ni pikseli kujaa. Taswira ya jua inaangukia kwenye kihisi, pikseli za pale zinafurika, panabaki doa jeupe. Hapo kihisi bora kinasaidia kweli. Desibeli 120 ni uwiano wa milioni moja kwa moja, na waliofikia hapo wanastahili sifa. La pili ni mwanga uliopotea njia. Unaingia kwenye lenzi, unagonga pasipotakiwa, unatandaa juu ya picha nzima kama ukungu. Hakuna pikseli hata moja iliyojaa, lakini weusi umekuwa kijivu na kilichokuwa kivulini hakionekani tena. Hili hutokea hata jua likiwa nje ya fremu kabisa, na kihisi hakina la kufanya, kwa sababu chenyewe kinapima kwa uaminifu mwanga uliokifikia.

Hapo ndipo ninapoambiwa: basi pima huo ukungu, utoe. Sawa, tuutoe. Kihisi hugeuza mwanga kuwa elektroni; kitu kilichoko kivulini kinazalisha elektroni 100 kwenye pikseli, na mandharinyuma yake elektroni 60. Tofauti ni 40. Mwanga hufika kwa chembechembe bila mpangilio, na kuyumba kwake ni kipeuo cha pili cha idadi, kwa hiyo kelele, yaani huko kuyumba, ni kama 10. Kitu kinaonekana. Sasa jua lipige lenzi na ukungu uongeze elektroni 3,000 kwa kila pikseli. Tofauti bado ni 40, ila kelele imekuwa kipeuo cha pili cha 3,100, karibu 56. Toa zile 3,000 kwa hesabu safi kabisa: weusi utarudi kuwa weusi, picha itapendeza kwenye maonyesho, na kelele ya 56 itabaki imeifunika tofauti ya 40. Ulichoondoa ni wastani. Kuyumba kumebaki pale pale, na hakuna fomula inayojua ni elektroni ipi ilitoka kwenye jua na ipi ilitoka kwenye ndege nyingine iliyo mbele yako.

Ndiyo, unaweza kuchukua wastani wa fremu nyingi. Kwa mandhari iliyotulia inasaidia sana. Kwa mandhari inayokimbia unapata michirizi, na kila fremu unayoisubiri ni ucheleweshaji anaoubeba rubani. Wapo pia wanaofundisha mitandao ya neva, yaani programu za akili bandia, kuondoa mng'ao, na matokeo yake yanavutia macho. Mimi naiogopa: mtandao hujaza pasipo na taarifa kwa kile ulichozoea kukiona, na kizuizi kwenye njia ya kurukia ndicho hasa ambacho haujazoea kukiona.

Kichujio cha polaraizi, kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu, nacho kinapendekezwa kila mara. Mwanga wa jua unaokuja moja kwa moja hauna polaraizi, kwa hiyo kichujio hakiuchagui. Kinaufifiza pamoja na picha yote. Kinafaa dhidi ya mwanga ulioakisiwa na maji au lami iliyolowa, hasa karibu na nyuzi 53 kutoka wima, na dhidi ya anga iliyoko nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Ndege ikilala upande, pembe hiyo imeharibika. Nawe umelipa angalau nusu ya mwanga wako, hata usiku.

Uakisi wa ndani ya lenzi nitaupitia haraka kwa sababu tunaujua vizuri. Kioo kisicho na mpako wa kupunguza uakisi huakisi karibu asilimia 4 kwa kila uso. Lenzi yenye vipande 6 vilivyotengana ina nyuso 12, yaani jozi 66 zinazoweza kurushiana mwanga mara mbili. Bila mpako, kila jozi hurudisha takriban asilimia 0.16; ukishusha uakisi wa kila uso hadi asilimia 0.5, inakuwa asilimia 0.0025. Programu za usanifu wa lenzi hufuatilia jozi hizi zote na huwa zinapatia. Kuta za ndani ya lenzi zinahitaji uangalifu zaidi: rangi nyeusi ikipigwa na mwanga wa pembe ya mshazari mno hung'aa, ndiyo maana tunaweka vikingio vyenye kingo kali, na alumini iliyoanodaiziwa nyeusi inaweza kuwa nyangavu kabisa kwenye infraredi ya karibu, mwanga ambao macho hayauoni. Kama kamera yako haina kichujio cha infraredi, weusi unaouona kwa macho haukuhakikishii chochote.

Kinachonisumbua kuliko vyote ni dirisha lililo mbele ya kamera. Mpiga picha wa ardhini huvalisha lenzi kofia ndefu. Kwenye ndege kofia hiyo inakamata upepo na barafu, kwa hiyo dirisha linakaa sambamba na ngozi ya ndege, likipokea jua lote. Litengeneze kwa yakuti samawi ili lisichubuliwe na mchanga, na uso wake utaakisi karibu asilimia 7.7, kwa kuwa fahirisi yake, kipimo cha jinsi inavyoupinda mwanga, ni takriban 1.77. Utaweka mpako. Uso wa nje wa mpako huo utapigwa na mvua, vumbi, wadudu na kemikali za kuondoa barafu. Kila mkwaruzo na kila punje ya vumbi ikipigwa na jua inakuwa taa ndogo mbele ya lenzi, na vikingio vyote vya ndani havina msaada, maana mwanga huo unaingia kwa mlango ule ule unaoingiza taswira ya njia ya kurukia.

Dawa yake kubwa ni kulifanya jua lisilifikie dirisha: lizamishe dirisha kidogo, liweke mahali ambapo mwili wa ndege wenyewe unalitilia kivuli. Uamuzi huo ni rahisi siku ya kwanza ya mradi, na mara nyingi hufanywa na watu wa umbo la ndege kabla mtu wa optiki hajaitwa kwenye kikao. Inaniuma kila inapotokea.

Haya si mambo ya maabara. Kwenye KC-46, ndege ya Marekani ya kujaza mafuta angani, mwendesha bomba hukaa mbele na kutazama skrini badala ya dirisha la nyuma. Picha zilifubaa au kupotoka katika baadhi ya hali za mwanga, na mwaka 2020 Boeing na Jeshi la Anga walikubaliana kuusanifu upya mfumo mzima wa kuona. X-59, ndege ya majaribio ya NASA iliyoruka mara ya kwanza Oktoba 2025, haina kabisa dirisha la mbele. Rubani anaona mbele kwa kamera na skrini.

Upo udhaifu ambao vitabu vyetu huupita kimya. Kiwango cha ISO 9358 kinaeleza jinsi ya kupima ukungu wa mwanga, nasi hupima kwa bidii, kwenye lenzi safi, katika chumba safi. Mtawanyiko wa mwanga kwenye dirisha chafu tunaukadiria kwa modeli zenye vigezo ambavyo, tukisema ukweli, tunavichagua. Modeli mbili zinazokubalika zinaweza kutofautiana sana kuhusu dirisha lile lile. Tena namba moja ya wastani haisemi kama ukungu umetandaa sawasawa au umelalia mahali ambapo rubani anatafuta taa za njia, na sijaona kizingiti cha ukungu unaovumilika ninachoweza kukitetea mbele ya rubani.

Kwa hiyo ukiletewa kamera, waambie waiweke nyuma ya dirisha lililotoa huduma kwenye ndege, bila kulipangusa, taa yenye mwanga mkali kama wa jua ikiwa nyuzi 5 nje ya fremu, na kitu cha kijivu kimewekwa kivulini. Omba picha ghafi, kabla programu haijaigusa.