Mwagizaji ni nani mbele ya forodha?

Waulize wafanyabiashara wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, nani anawajibika kwa mzigo unaotoka China, wengi watakutajia wakala wa forodha. Ndiye anayejaza nyaraka, ndiye anayepiga simu kusema kodi imetoka kiasi gani. Lakini kisheria mwagizaji ni yule ambaye jina na TIN yake (namba ya mlipakodi) vimeandikwa kwenye tamko la forodha kama mwenye mzigo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inambana wakala pia, ila haikuachi wewe: alichotamka kwa niaba yako, umetamka wewe.

Hapo ndipo wanaochangia kontena wanapojitia matatani. Watu watano wanakusanya mizigo, inaingia kwa TIN ya mmoja wao, kodi wanagawana. Likitokea la kutokea, forodha inamjua mmoja tu. Kuazimisha TIN kwa ajili ya shukrani ya laki mbili ni biashara ya hasara, na sioni kwa nini watu bado wanaifanya.

Wajibu wa kwanza ni kusema kweli kuhusu bidhaa: ni nini, imetoka wapi, ina thamani gani. Thamani ni bei uliyonunulia pamoja na usafiri na bima hadi inafika. Tuseme nguo za dukani zimefika kwa thamani ya milioni 10. Nguo zilizoshonwa tayari kwa kawaida ziko ngazi ya juu ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya, asilimia 35, kwa hiyo ushuru ni milioni 3.5. VAT ya asilimia 18 haikatwi kwenye milioni 10 bali kwenye 13.5, ambayo ni 2,430,000. Jumla imeshafika 5,930,000, na bado tozo ndogo ndogo kama ile ya reli.

Ukiona hesabu hiyo unaelewa kwa nini ankara za "punguza kidogo" zinapendwa. Tatizo ni kwamba mzigo kutoka bandarini au kuvuka Tunduma hakufungi hesabu. Mamlaka ya Mapato (TRA) wanaweza kukagua nyaraka zako baadaye na kudai kilichopungua ndani ya miaka 5, tena pakiwa na udanganyifu hata muda huo haukukingi. Kwa hiyo ankara, risiti za benki na mawasiliano na muuzaji vinatunzwa, havifungiwi maandazi.

Wajibu wa pili ni mgeni kwa wengi: nani alitengeneza bidhaa, na kwa hiari yake? Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa 1930 unaita kazi ya shuruti ile anayofanyishwa mtu kwa tishio la adhabu, bila kujitolea mwenyewe. Katiba yetu, ibara ya 25, nayo inaikataza. Marekani imeupeleka wajibu huu moja kwa moja kwa mwagizaji. Tangu Juni 2022, bidhaa yenye kitu kilichotoka Xinjiang, eneo la magharibi mwa China, pamba ikiwemo, inachukuliwa kuwa ya kazi ya shuruti mpaka mwagizaji athibitishe vinginevyo. Hapo kulipa ushuru wote hakusaidii. Pungufu la kodi unaweza kulilipa na faini yake. Shati lililoshonwa kwa shuruti halina faini ya kulihalalisha.

Nyanda za Juu Kusini hili linatufikia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu sisi ndio tunaouza. Novemba 2019 forodha ya Marekani ilitoa amri ya kuzuia tumbaku ya Malawi, hapo tu ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, kwa kushuku kazi ya shuruti na ajira ya watoto. Baadaye baadhi ya kampuni ziliruhusiwa tena baada ya kuonyesha ushahidi. Sasa fikiria kibarua wa tumbaku aliyeletwa Chunya kutoka mkoa mwingine, akaambiwa hela yote ataipata msimu ukiisha, na akiondoka mapema hapati kitu. Mwenye shamba ataona ni utaratibu wa kawaida. Mwagizaji wa ng'ambo ataona mshahara uliozuiwa, mojawapo ya dalili anazotakiwa kuzitafuta.

Umoja wa Ulaya nao umepitisha katazo lake la bidhaa za kazi ya shuruti, litakaloanza kutumika tarehe 14 Desemba 2027. Kule wenye mamlaka ndio watakaobeba jukumu la kuthibitisha, si mwagizaji. Hata hivyo mnunuzi wa kahawa ya Mbozi au parachichi za Njombe hatangoja achunguzwe. Ataomba daftari la vibarua, umri wao na sahihi za malipo kabla ya kusaini mkataba.